Kuinua tangi la Virago 250: niagize seti ya nje au nichongeshe hapahapa Mtwara?

Kuchele_250

Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Shangani. Nina Yamaha Virago 250 ya mwaka 1996, silinda mbili za V, kabureta moja, tangi la lita 9.5. Ilikuja kutoka Japani ikiwa na kutu kwenye ekzosi na kiti kimechanika, ila injini nzima, mpaka leo inawaka kwa kugusa mara moja.

Mwezi uliopita nilitoa lile hendo lake refu lenye pembe za mbuzi nikaweka fupi, la bapa. Hapo ndipo shida ilipoanza. Nikikaa kibarazani nikaitazama kwa ubavu, tangi naliona limelala mno, kama ng'ombe aliyegoma njiani. Ninachotaka ni ule mstari wa pikipiki za zamani za mtindo wa chopa: tangi linyanyue pua, kiti kizame nyuma, na pale chini ya tangi mbele uone mwanga unapita.

Nimezunguka mtandaoni, seti za kuinulia tangi zipo za inchi 1, inchi 1 na nusu, 2, mpaka 3. (Jina lake la Kiingereza, "kit", tukilitamka sisi linakuwa "kiti", ndiyo maana nasema seti. Naomba tusichanganye: kinachoinuliwa ni tangi, siyo kiti cha kukalia.) Niliyoipenda ni ya inchi 2, wameandika dola 45, na kuisafirisha mpaka Dar ni karibu hela hiyohiyo tena, bado mzigo wa basi kuja huku kusini. Fundi wangu wa Magomeni anasema nisitupe hela, ataniwekea vipande vya nondo.

Inchi ngapi? Ya kununua au ya kuchonga? Na kuna aliyefanya hivi akapiga nayo safari ndefu, siyo kuzunguka nayo mjini tu?

Boxer_wa_Chikongola

Mkuu mimi kiti cha Boxer yangu nimekiinua kwa sponji la godoro la inchi 4. Abiria wanasifia. Njoo sokoni nikuoneshe fundi.

Kuchele_250

Nilijua tu.

MingokoExpress

Weka inchi 2, funga mjadala. Inchi moja nani ataiona? Utatumia hela, utachafua mikono, halafu mtu anakuuliza "ulibadilisha nini?" Chopa ni mwonekano. Asiyetaka mwonekano akanunue TVS akabebe mihogo.

Mkereza_Lindi

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Mimi ni mkereza vyuma hapa Lindi mjini. Vinyanyulio vya tangi nimeshachonga vitano, vinne vya chopa za Kichina na kimoja cha Dragstar 400.

Inchi iache kwanza. Nenda kwenye pikipiki na tochi, piga goti, uangalie koki ya mafuta imekaa wapi chini ya tangi. Ikiwa nyuma, umepona: ukiinua pua mafuta yanakimbilia nyuma, kwenye koki, na hata yale ya mwisho unayapata. Ikiwa mbele au katikati, kila milimita unayoinua unayahamisha mafuta kwenda mbali na koki. Utakuwa na mafuta yanacheza ngoma nyuma ya tangi huku kabureta kavu. Na kabureta ya hiyo Virago inalishwa kwa uzito wa mafuta tu, haina pampu ya kuyavuta.

Halafu lichungulie tangi lenyewe kwa chini. Halina sakafu moja. Limepanda fremu kama tandiko lilivyompanda punda, mfuko mmoja kushoto, mfuko mmoja kulia, na koki iko upande mmoja. Mafuta yakishuka chini ya mgongo wa tandiko, ya upande wa pili yamefungiwa huko. Ndiyo maana bodaboda mafuta yakimkatikia anailaza pikipiki ubavu wa koki, anahesabu mpaka tano, anainyanyua na kuondoka, abiria aliyekuwa ameanza kushuka anarudi juu kimyakimya. Kuinua pua hakuuondoi huo mfuko, usidanganywe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hendo lako. Umesema fupi, la bapa. Kata kona mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, upime nafasi kati ya tangi na kile kiboksi cha swichi. Tangi likipanda linakutana na vitu ambavyo zamani vilikuwa vinapita juu yake.

Kwa hiyo usinunue kitu wala usichonge kitu. Funga koki, chomoa mpira wa mafuta, toa bolti ya nyuma, livute tangi nyuma litoke kwenye raba zake za mbele. Chini ya pua weka kipande cha mbao cha milimita 25, rudisha bolti, tazama. Kisha cha 38. Kisha cha 50. Kila hatua kata kona pande zote, na piga picha kwa ubavu ukiwa umbali wa hatua kumi, maana hakuna mtu anayeitazama pikipiki yako akiwa amelala chini yake. Ukimaliza rudi na vipimo.

Boxer_wa_Chikongola

Mzee wa Lindi, hiyo ya abiria kurudi juu kimyakimya umenimaliza. Jana imenitokea Ligula.

Nachingwea_to_Sinza

Mimi ni mtoto wa Nachingwea niliyepotelea Dar, naendesha Harley Sportster, pikipiki ya Kimarekani, kwa hiyo naomba nimwokolee mkuu dola zake 45.

Asilimia kubwa ya seti hizo unazoziona mtandaoni ni za Harley Sportster. Tangi la Sportster kwa mbele lina masikio, bolti inapita hapo na kushika fremu. Seti inakuja na vibati vya kuhamisha hilo tundu la bolti juu zaidi, basi. Virago na Wajapani wengi hawana hiyo bolti mbele. Wao wana pini mbili fupi kwenye fremu, moja kila upande, zimevalishwa raba za mviringo, tangi linateleza na kuzikumbatia. Vibati vya Sportster ukivileta hapo havina pa kushika.

Na hata kwenye Sportster zenyewe siyo kila seti inaingia kila pikipiki. Mwaka 2004 fremu ilibadilika, injini ikaanza kukaa kwenye raba. Mwaka 2007 kabureta ikatoka, pampu ya mafuta ikaingia ndani ya tangi, mpira wake ukawa wa presha. Ndiyo maana muuzaji makini anakuuliza mwaka kabla hajakuuliza hela. Tangazo likisema "inafaa pikipiki zote", mimi huwa nafunga ukurasa nakwenda kula.

MingokoExpress

Sasa kama za nje hazimfai si ndiyo nilichosema, achomelewe tu inchi 2 hapohapo Magomeni.

Chuno_Rider

Ngoja niseme yaliyonikuta mimi kabla mtu hajachomelewa kitu.

Nilikuwa na chopa ya Kichina, cc 200. Fundi mmoja hapa mjini, jina naliacha, akanichomelea masikio mawili moja kwa moja kwenye tangi na kulifunga kwenye fremu kwa bolti, chuma kwa chuma, hakuna raba. Inchi mbili kamili. Nikapendeza kweli, sikatai. Miezi mitatu.

Siku hiyo natoka Lindi, jua limeshazama, nimeshapita Mikindani nakuja mjini. Nikaanza kunusa petroli. Mbele yangu kulikuwa na lori, nikalilaumu lori. Likakata kona likaniacha, harufu ikabaki. Nikashika suruali gotini, imelowa, na ile baridi ya petroli mnaijua, inakuwa kama barafu kwenye upepo. Nikasimama chini ya minazi, nikawasha tochi ya simu.

Pembeni ya ule mchomeleo kulikuwa na ufa kama unywele, urefu wa kucha mbili. Mafuta hayatiririki, yanatoka jasho. Jasho linakusanyika, linakuwa tone, tone linaning'inia kwenye ukingo wa tangi, linafikiri, kisha linadondoka kwenye mapezi ya silinda. Tsss. Doa jeupe. Tone lingine. Tsss. Nilisimama pale nikihesabu matone kama mjinga, mpaka nilipokumbuka kwamba hicho chuma kinachofanya tsss kina moto, na nilichokaa juu yake ni tangi nusu.

Nikazima, nikasukuma kurudi Mikindani. Mama mmoja muuza samaki akanipa kipande cha sabuni ya mche, nikakikandamiza kwenye ufa mpaka kikaingia kama samli. Ikashika. Nikalala kwa jamaa, asubuhi nikaileta mjini taratibu. Lile tangi sikulirudisha tena barabarani, nalihifadhia bolti.

Kuchele_250

Shikamoo mzee Mkereza, samahani sana, nilikurupuka na maswali. Na pole Chuno_Rider, nimesoma hiyo nikaenda kuinusa pikipiki yangu.

Nimefanya zoezi la mbao leo asubuhi. Majibu haya. Koki iko nyuma, kushoto. Kutoka kwenye raba za mbele mpaka bolti ya nyuma ni sentimita 41.

Mbao ya 25: nikikata kona yote kushoto, kati ya kiboksi cha swichi na tangi vinaingia vidole viwili. Ya 38: kinaingia kidole kimoja, tena kidogo. Ya 50: kiboksi kinagonga rangi KABLA hendo halijafika mwisho. Yaani nikigeuza pikipiki kwenye uchochoro naitoboa mwenyewe.

Picha sasa. Kwa 50 inafanana na mbwa aliyenyanyua shingo kunusa nyama. Kwa 38 nzuri, ila chini ya tangi kumebaki wazi, waya zote na koili zinaonekana, kama umemfunulia mtu shuka. Kwa 25, na hapa MingokoExpress usikasirike, mwanga unaonekana, mstari umenyooka, na mdogo wangu ambaye hajui nafanya nini kapita akasema "mbona leo imekuwa ndefu?"

MingokoExpress

Mdogo wako anakupenda huyo.

Madam_Fizikia

Nafundisha sekondari Masasi, pikipiki ni ya mume wangu lakini hesabu ni zangu. Kwa umbali wa sentimita 41, ukiinua milimita 25 tangi linainama nyuzi 3 na nusu. Kwa 38 ni nyuzi 5 na kidogo. Kwa 50 ni nyuzi 7. Nyuzi 7 siyo nyingi machoni, lakini kwa kimiminika ni nyingi, mimina chai kwenye sahani uiinamishe nyuzi 7 uone.

Ila sijaona mtu akiuliza kuhusu kifuniko. Kifuniko cha mafuta kiko sehemu gani ya mgongo wa tangi? Kwa kawaida kinakaa karibu na sehemu ya juu kabisa, ili ukijaza hewa yote itokee hapo. Ukiinua pua, sehemu ya juu kabisa inahama, inakwenda mbele ya kifuniko. Ukijaza mpaka mdomoni, kuna kifuko cha hewa kinabaki kimefungiwa kule mbele, hakina pa kutokea. Hasara ya kwanza ni ndogo, unapoteza ujazo kidogo. Ya pili ndiyo yenye kero. Unaegesha juani saa saba mchana. Petroli inatanuka, lita 9 zikipanda nyuzi 20 za joto zinaongezeka kama mililita 170, chini kidogo ya glasi moja. Na ile hewa iliyofungiwa nayo inatanuka, zaidi ya petroli, na mvuke unaongezeka humo. Ikitanuka inasukuma mafuta, na njia iliyo wazi ni kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko. Utakuta rangi yako imeoshwa.

Chuno_Rider

Madam hapo umenifumbua macho. Tangi langu lilikuwa linakojoa kila nikiegesha juani, nikabadilisha raba ya kifuniko mara mbili bure.

Mkereza_Lindi

Mwalimu amesema kweli, na mimi nilisahau kulitaja. Dawa yake ni kuacha vidole viwili chini ya mdomo unapojaza. Umwambie yule wa pampu asiendelee kubonyezabonyeza ili hela zitimie.

Sasa nirudi kwa Chuno_Rider, maana watu watasoma wakadhani ufa ulitokana na inchi mbili. Tangi ni bati lenye unene wa milimita moja hivi. Ukilichomelea, pale kando ya mchomeleo bati limebadilika. Injini inatetemeka maelfu ya mara kwa dakika, na wewe umelifunga chuma kwa chuma, kwa hiyo mtetemo wote unakwenda kukunja bati palepale, mahali pamoja. Kunja kipande cha waya mara mia uone. Raba za kiwandani hazikuwekwa kwa urembo. Tangi linatakiwa kuelea.

Na jambo la kuchomelea tangi nalisema mara moja tu. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu lililo tupu limejaa mvuke. Fundi akikwambia "mafuta tumeshamwaga, hakuna shida", chukua tangi lako uondoke. Kwa kazi hii hakuna sababu ya kuligusa tangi kwa moto hata kidogo. Kila kitu kinafanyika upande wa fremu, tena kwa bolti.

Kijana, chukua 25. Chonga hivi. Vibati viwili vya flatiba (chuma bapa), unene milimita 6, upana 40. Kwa chini kila kibati kina tundu linalovaa kwenye pini ya zamani ya fremu, liingie kwa kubana, lisicheze. Juu yake, milimita 25 kutoka kitovu mpaka kitovu, chomelea pini mpya iliyokerezwa kwa kipenyo kilekile cha ile ya zamani, ili raba zako zilezile zivae hapo. Hivyo viwili peke yake vitazunguka kwenye pini kama mishale ya saa, kwa hiyo viunge: bolti ndefu ya M8 (nene milimita 8) ipite juu ya bomba la fremu kutoka kibati hiki mpaka kile, katikati yake uweke kipande cha bomba ili bolti ikikazwa isivivute ndani. Nati iwe ile yenye plastiki, isiyojifungua kwa mtetemo.

Nyuma usisahau. Tangi likiinama, sikio la bolti ya nyuma nalo linainama, na ukikaza hivyohivyo unalikunja. Weka raba nene zaidi, au washa (kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya bolti) uliyoinyoa upande ikawa kabari.

Bahari yetu hii mnaijua. Aluminiamu yenye bolti ya stenlesi inang'aa dukani, hapa mwambaoni baada ya muda utaona unga mweupe kwenye tundu, na bolti haitoki. Chuma cha kawaida, praima mikono miwili, rangi, na grisi ndani ya tundu. Hicho kitakuzika.

MingokoExpress

Mzee naheshimu, lakini Wamarekani wa zamani walikuwa wanafunga matangi moja kwa moja kwenye fremu na walivuka nchi nzima.

Mkereza_Lindi

Walivuka. Waulize pia waliziba matangi mara ngapi njiani. Na wao hawakuwa na mama wa sabuni pale Mikindani.

Nachingwea_to_Sinza

Ongezea kitu kimoja mkuu kabla hujafunga. Mpira wa mafuta. Tangi likiinama, koki inabadili mwelekeo na mpira wa zamani unaweza kuwa mfupi au ukapinda ukajifunga wenyewe. Nunua mpya wa petroli, siyo ule wa maji unaopitisha mwanga, huo baada ya miezi unakuwa mgumu kama mfupa. Usiupitishe karibu na silinda ya nyuma, na usiuache upande juu kisha ushuke, hapo juu mvuke unakaa na mafuta hayapiti.

Kuchele_250

Nimewaelewa. Naingia kazini, nitarudi na mrejesho. Fundi wa Magomeni nimemwambia, kanuna kidogo.

Boxer_wa_Chikongola

Naweka kambi hapa.

Kuchele_250

MREJESHO. Samahani nimechelewa wiki tatu, watu wapo kwenye korosho na kila fundi mwenye grenda ana foleni ya mashine za kubangulia.

Vibati nimechonga kama mzee alivyosema. Kwanza nilikata mfano kwa boksi la sabuni, nikajaribu kwenye pikipiki, nikagundua kibati cha kulia kingegusa mkanda wa waya, nikakinyoa kona. Ndipo nikaenda kwenye chuma. Flatiba na bolti elfu 12, kukereza pini na kuchomelea elfu 35, mpira mpya elfu 4, rangi nilikuwa nayo. Ninakumbusha kwamba ile ya dola 45 isingeingia.

Pini za kwanza zilitoka nene kidogo, raba zikaingia kwa kupigwa. Nikazirudisha. Mkereza wa huku akaniambia "zitakaa tu hizo", nikamwambia kuna mzee Lindi ataniuliza.

Nimefunga, nimewasha, nikafanya kitu ambacho hamkunitajia lakini nilikiwaza usiku: injini ikiwaka taratibu, nikakata kona polepole kushoto, kisha kulia. Kulia hakuna neno. Kushoto, karibu na mwisho, mlio ukapanda wenyewe. Nikarudisha, ukashuka. Nikakata tena, ukapanda. Waya wa eksela ulikuwa unapita pale mbele ya tangi, na kwa sababu tangi limepanda, unabanwa na kuvutwa. Fikiria unageuza kwenye uchochoro mwembamba, mguu chini, halafu pikipiki inajipa moto. Nikauhamisha upite upande wa pili wa bomba la fremu, nikaufunga kwa kibanio kisichobana sana, ikatulia.

Jumamosi nikaenda nayo Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba, nikalala, Jumapili nikashuka kwenda Masasi, nikarudi kwa njia ya Ndanda na Mnazi Mmoja. Nilichotaka kukiona ni ule mteremko wa kutoka Newala, kwa sababu hapo pua inaangalia chini na mafuta yanakimbia koki. Niliingia mteremkoni makusudi nikiwa na mafuta kidogo, koki ikiwa kwenye akiba. Zamani hapo ilikuwa inakohoa kwenye kona ya tatu au ya nne. Safari hii imeshuka yote bila kukohoa. Ile pua iliyoinuka inalisawazisha tangi wakati pikipiki yenyewe imeinama.

Masasi nikajaza. Kijana wa pampu akabonyeza mpaka mdomoni kabla sijafungua mdomo, nilikuwa naongea na simu. Nikasema potelea mbali, nijaribu maneno ya Madam. Nikaegesha juani, nikaingia kula. Nusu saa. Nimetoka nakuta mstari wa petroli umetoka kwenye kifuniko, umeshuka upande wa kushoto mpaka kwenye nembo, na vumbi limeshaganda juu yake. Madam, shikamoo yako pia.

Ujazo: nikiacha vidole viwili naweka karibu nusu lita pungufu ya zamani. Kwa pikipiki inayokula lita moja kwa kilomita thelathini hivi, hizo ni kama kilomita 15. Masasi mpaka Mtwara ni kama 200, inafika na chenji inabaki.

Madam_Fizikia

Marahaba. Ungeegesha chini ya mwembe.

Mkereza_Lindi

Umefanya vizuri kwa waya wa eksela. Hilo nilipaswa kulisema mimi. Baada ya kilomita mia tano fungua tangi, uangalie kama raba zimeanza kukatwa na ukingo wa kibati. Kama ukingo ni mkali, upige msasa.

Kuchele_250

Nimefungua leo mzee. Raba ya kulia ina mkato mdogo, kama alama ya kucha. Ukingo nimeupiga msasa, raba nimeigeuza. Naagiza nyingine.

MingokoExpress

Sawa, nimeiona juzi imeegeshwa Ligula kabla sijajua ni yako. Nikasema moyoni huyu kainua vizuri. Ni inchi moja kweli?

Kuchele_250

Inchi moja kamili.

MingokoExpress

Basi nina chopa ya Kichina cc 150, koki iko katikati kulia. Nifanyeje?

Mkereza_Lindi

Piga goti na tochi kwanza, uhakikishe ni katikati kweli.

Chuno_Rider

Na mimi nimenunua tangi lingine. Kuchele, ule mfano wa boksi la sabuni bado unao?

Kuchele_250

Ninao, umelowa mafuta kidogo lakini mashimo yanaonekana. Jumamosi nitakuwa Mikindani pale chini ya Boma kuanzia saa tatu. Njooni na mbao zenu za 25 na 38, spana ninazo. Mingoko, ya 50 iache nyumbani.